Chumba cha Mama na Kiyoyozi Chake

Tongoni, 3 Machi

Kaka Mudathir,

Shikamoo. Salamu zikufikie huko Muscat, wewe, shemeji na watoto. Sisi wazima, isipokuwa Mama, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Kile kiyoyozi ulichomletea apumue vizuri kina mwezi sasa tangu kifungwe. Baridi yake usiseme. Mama alikuwa akijifunika mablanketi mawili mchana kweupe, Tongoni hii, Februari hii! Kilikuwa kikishapooza chumba upesi kinajizima, kuta zinabaki na unyevu, na kifua kikazidi kumbana. Nikamsihi tukizime kabisa. Akasema hazimi kitu alicholetewa na mwanawe. Ulipopiga simu alizuia kikohozi akakushukuru.

Juzi alishindwa kumaliza sala hata kwa kukaa. Nikamwita fundi Sabiri kutoka mjini. Akapima kwa futikamba, akarudia, kisha akauliza ni nani aliyeagiza mashine ya nguvu ya BTU elfu kumi na nane kwa chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili. Alisema elfu tisa zingetosha, maana kikubwa mno huzima kabla hakijakausha hewa, na mwenye pumu unyevu humwumiza. Mimi nikatazama chini.

Kaka, hukukosea wewe. Uliponiuliza vipimo nilikuandikia futi ishirini kwa kumi na mbili, kile chumba tulimozaliwa. Sikukwambia kwamba baada ya arobaini ya Baba nilijenga ukuta katikati, nikachukua nusu iwe duka la vitambaa la mke wangu Zuwena. Dirisha likabaki upande wetu, tukauzia hapo. Tangu hapo ndipo pumu ya Mama ilipoanza kumzidi. Hakunilaumu. Alisema tu usiambiwe, wanawe wasije wakagombana. Nimemkosea Mama, nimekukosea na wewe, na aibu yangu siwezi kuipima.

Sabiri alitaka kubadilisha mashine. Nikamwambia aiache, kilichopungua ni chumba. Jana nimeuvunja ukuta kwa mikono yangu. Zuwena amenuna, vitambaa viko barazani chini ya turubai. Mama yuko kwa dada Hafsa mpaka vumbi liishe.

Nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza jambo moja tu, kama dirisha lake bado linafunguka. Nimetia mafuta bawaba, kaka. Linafunguka.

Hafsa anakusalimu, na Mama anakuombea dua. Ukipiga simu, nigombeze mimi, yeye usimwulize kitu.

Mdogo wako,
Uweso