Gunia la Kwetu Limefika Karema

Karema,
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa dada yangu Nyanzala,

Mwangaluka, dada. Niliondoka hapo Kibaoni mwezi wa kumi na moja, mvua ndiyo zinaanza, na sasa mahindi yenu yameshakauka, wala sijakuandikia hata mstari mmoja. Nisamehe. Mimi ni mzima, ila mabega yamekuwa kama ya punda na mgongo unanigomea kila asubuhi. Mayu, mama yetu, anaendeleaje na goti lake? Watoto hawajambo? Baba bado anagombana na jogoo wa jirani? Wasalimie wote, lakini barua hii isome peke yako kwanza. Ningepiga simu, ila simu ya nyumbani anaishika baba, na baba ukifika katikati ya maneno yeye ameshakata. Ndiyo maana nimempa Maiko, dereva wa fuso anayeleta dagaa huko kwenu, akukabidhi mkononi.

Dada, huku kuna mambo! Tangu bandari ianze kazi, Karema haitulii. Maboti ya mizigo yanatoka Kongo, yanabeba saruji, sukari, unga na mahindi, yanarudi tena. Malori yanashuka kutoka Mpanda mpaka vumbi halipati nafasi ya kutua. Mama Raya anayetupikia, nilipofika alikuwa na chupa moja ya chai na benchi. Leo ana banda la bati na wasichana watatu, na anatufokea kama mkuu wa shule, ati tunakula kama tumefungwa miaka. Sikudanganyi lakini, si wote wanacheka. Mzee mwenye kiwanja cha barabarani aliuza mapema, kabla hajajua kinachokuja, na sasa ni mpangaji kwenye nyumba iliyojengwa palepale alipokuwa akilima mihogo. Na boti zikichelewa, sisi wabebaji tunashinda na uji.

Sisi Wasukuma tunapakia huku tunaimba, kama tunavyolima kwa kikundi huko nyumbani, na mguu unafuata wimbo. Mwanzoni wenyeji walitucheka, wakatuuliza tunalima ziwa au vipi. Siku hizi msimamizi wetu, Enoka, shehena ikiwa kubwa anatutafuta sisi kwanza.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita tulikuwa tunashusha mahindi ya Uwesu, huyo huyo Uwesu mfanyabiashara wa Mpanda anayenunua kwa baba kila mwaka. Nikatua gunia, nikaona mdomo wake umeshonwa kwa vipande vya kitenge cha njano. Dada, kile kitenge chako! Kile mayu alichokichana kilipoungua pasi. Na mshono ni wa mayu kabisa, unakwenda mbele mara mbili na kurudi mara moja. Kumbe ni yale mahindi ya mwaka jana, Uwesu aliyaweka ghalani akingoja bei. Nilikaa juu ya lile gunia nikacheka peke yangu, machozi yakanitoka. Enoka akapiga kelele kuniuliza kama nimeoa gunia, na kama nimelioa basi nimbebe mke wangu tuondoke.

Nikalipeleka kwenye mizani, na hapo kicheko kikaisha. Unajua baba anavyojaza lumbesa: anashindilia kwa mti, anaongeza kilemba juu mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega, halafu anasimama pembeni anajisifu kwamba gunia la nyumba yake halina aibu. Hapa bandarini lumbesa haipandi botini, haipangiki na inapasuka. Vijana wa Uwesu wanakata ule mshono, wanamwaga chini, wanajaza magunia mapya kwa kilo. Nilisimama nikatazama. Magunia ya baba yaliyoingia yalikuwa machache kuliko yaliyotoka, dada. Yalizaa mbele ya macho yangu! Baba analipwa kwa gunia, Uwesu anauza kwa kilo; kile kichwa ambacho baba anajivunia, ndicho Uwesu anachokula. Wala sisemi ni mwizi. Anatuletea sabuni na sukari, anamsalimia mayu kwa heshima. Ni sisi tunaompa.

Siku ile ile nilimfuata Celestin, mnunuzi kutoka Moba, Mkongo mmoja mcheshi anayevaa koti jua likiwaka. Nikamweleza. Akaniambia kwa Kiswahili chao kwamba kwao hajaona gunia lenye kichwa hata siku moja, akaniuliza kama baba yangu anatoa sadaka. Akasema mkulima akileta mwenyewe hadi hapa, yakapimwa, yeye ananunua kilo kwa kilo, na mizani tunasoma wote wawili. Sikulala kwa furaha. Miezi yote hii nimebeba mali za watu nikidhani bandari ni ya wenye magari, kumbe hata kihenge chetu cha mahindi kina njia ya kufika Moba.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe. Celestin nimeshampa neno. Nimemwambia mahindi ya baba ya mwaka huu yanakuja kwake, na baba sijamuuliza. Tena Maiko fuso lake linarudi huku tupu, akakubali kutubebea, ila akasema wakulima wakiona noti za mnunuzi mwingine mlangoni wanageuka, yeye anabaki na mafuta yaliyoungua. Akataka dhamana. Nikamwekea yule dume wangu mweupe wa ng'ombe. Najua, dada. Ni wangu kwa jina, lakini yuko zizini kwa baba, na zizini kwa baba hakuna mnyama anayetoka kwa mdomo wa mtoto. Nimefanya hivyo nikiwa na akili zangu. Nilijua nikingoja ruhusa, Uwesu atafika kabla.

Kwa hiyo nakuomba, mwambie mayu leo. Halafu nyie wawili mumwambie baba pamoja, akiwa ameshiba. Akikasirika, mwacheni akasirike, mradi kihenge kisifunguliwe kwa Uwesu kabla sijafika. Simlazimishi kuuza. Nataka ajaze lumbesa moja tu kwa mikono yake, aijaze anavyotaka, niipime mbele yake, na Uwesu akiwepo ni vizuri zaidi. Baba mwenyewe asome mizani. Baada ya hapo akisema bado Uwesu, nitamfungua dume nimkabidhi Maiko, na sitalalamika.

Wasalimie majirani wote, na watoto waambie mjomba anawaletea samaki wa huku, migebuka mikavu. Alhamisi, tarehe 26 mwezi huu, jioni nitafika hapo juu ya gari la Maiko, na mizani nimeshaiazima.

Mdogo wako anayekupenda,
Masele