Hiari, Mara Sitini na Mbili

Kasulu, 3 Machi 2025

Shangazi Consolée,

Shikamoo. Habari za hapo kambini Nduta, na goti linaendeleaje? Mimi huku chuoni mzima, ila mvua imezidi na njia ya sokoni ni tope tupu.

Mkufunzi ametupa kazi ya mwisho: kila mmoja achukue neno moja, alifuate katika vitabu vya maktaba, aandike nani analitumia na wakati gani. Nimechukua "hiari". Nimesoma riwaya na tamthiliya kumi na nne, nimelikuta mara sitini na moja. Nilitegemea liwe neno la watu huru. Sivyo. Mara arobaini na tano analisema anayetoa masharti: baba kwa binti anayeozwa, tajiri kwa kibarua, bwana jela kwa mfungwa. Anayetakiwa kuchagua ananyamaza.

Wewe umefundisha katekisimu miaka mingi. Unalionaje hilo? Jibu mpe Melkiadi anayeleta sabuni kambini. Simu ya jirani yako inasikilizwa na mtaa mzima.

Mtoto wa kaka yako,
Epifania

Nduta, 11 Machi 2025

Mwana wanje, mwanangu Epifania,

Amahoro. Goti ni lile lile, lakini kuni bado natafuta mwenyewe. Unga wa mwezi huu tumepata.

Swali lako limenikuta pabaya. Wiki iliyopita nilipanga foleni ya wanaojiandikisha kurudi Burundi. Karani, kijana mpole, akasoma kwenye karatasi: "Mama, unarudi kwa hiari yako?" Nikaomba muda. Akasema orodha ya msafara inafungwa Ijumaa, tarehe 21. Jirani yangu Venanti alinicheka njia nzima: "Mama katekista, wewe hata ukiulizwa kama una njaa, utaomba wiki mbili ufikiri!"

Nikirudi, kuna shamba la marehemu mume wangu kule Ruyigi. Shemeji yangu analilima, na barua zangu hajibu. Nikibaki, nabaki na hili turubai. Sasa niambie wewe msomi: hao kumi na sita waliobaki, waliosema neno hilo kwa kinywa chao, mwisho wao ulikuwaje?

Shangazi yako,
Consolée

Kasulu, 15 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sitauliza habari za goti leo, nina haraka, Melkiadi ananisubiri.

Nimerudi kwenye daftari. Kumi wanapigwa, wanafukuzwa au wanakufa. Wanne wanajuta. Wawili hatujui, kitabu kinaisha kabla hawajafika waendako.

Nakuomba usitie sahihi. Shemeji yako kalamu anayo na anwani yako anayo. Anakaa kimya makusudi. Mama amesema ataendelea kukuletea maharage kutoka Busunzu kila mwezi, hata kama itabidi apande bodaboda na gunia mgongoni. Shangazi ninaye mmoja tu. Sitaki kukuhesabu kwenye wale kumi.

Epifania wako

Nduta, 20 Machi 2025

Mwana wanje,

Amahoro. Mwambie mama yako asante kwa maharage. Goti limepona kwa sababu nimeacha kulifikiria.

Mpaka huu nimeuvuka mara tatu. Mwaka 1996 baba yako alinishika mkono, tukakimbia. Mwaka 2009 mume wangu alisema turudi, nikafunga mizigo. Mwaka 2015 ziliamua risasi. Mara zote hizo hakuna aliyeniuliza.

Jana nilirudi kwa karani. Akaanza, "Mama, unarudi kwa hiari..." Nikamkatiza. "Subiri, hilo nalisema mwenyewe." Nikasimama wima, nikasema: "Narudi kwa hiari yangu." Foleni nzima ikaangua kicheko. Venanti akapiga kelele: "Mama katekista, tia sahihi basi, hapa si kanisani!" Nikatia sahihi, jina lote, herufi kubwa.

Shemeji akinifukuza, nitalala kanisani na asubuhi nitarudi mlangoni kwake. Karatasi za shamba zimo ndani ya Biblia. Msafara unaondoka Jumanne. Usije kunisindikiza, utaniliza mbele ya Venanti.

Umeniambia kuna wale wawili. Niandike na hao.

Shangazi yako,
Consolée

Kasulu, 30 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, popote ulipo. Hii Melkiadi amekataa kuibeba. Anasema turubai lako limeshashushwa na hajui ampe nani. Naiandika hivyo hivyo, naiweka sandukuni mpaka nipate anwani.

Mkufunzi amesoma kazi yangu. Ameisifu, kisha akasema nifute mfano wa sitini na mbili, kwa kuwa haukutoka kitabuni.

Nikamwambia siufuti.

"Utapoteza alama tano."

"Najua, Mwalimu."

"Hakuna aliyekulazimisha."

"Hakuna. Ni hiari yangu."

Akaandika alama, akanirudishia. Mfano wako upo ukurasa wa mwisho: nani alisema, wapi, tarehe gani, mbele ya nani. Kwenye safu ya "mwisho wake" sijaandika kitu.

Mtoto wa kaka yako,
Epifania