Mvivu, si Mfu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi tangu tufunge kisima cha gesi namba saba ili kupima presha. Presha inapanda — lakini jamani, mwendo wa kobe! Mwamba wa kule chini umebana, gesi inapenya kwa kubembelezwa. Bosi kaja mezani kwangu. Anataka jibu Ijumaa: bado kina uhai, au kimekufa? Kama kimekufa, kinajazwa saruji, basi. Hakuna kukifukua tena.

Nimeomba wiki tatu zaidi. Kacheka. Kompyuta yake imeshachora mstari, presha ndogo, kisima hoi. Eti mama, mbona unang'ang'ania marehemu?

Jumanne, 4 Machi

Nimelitoa kabatini faili la zamani la namba saba. Vumbi! Nimepiga chafya mpaka mhudumu wa chai akaja kuchungulia. Na ndani — mwandiko wa mjomba. Penseli ile ile, saba zenye mkia. Miaka thelathini iliyopita alikipima hiki hiki. Chini ya grafu kaandika: Mvivu, si mfu. Na kweli, kikatoa gesi miaka na miaka.

Nimekaa sakafuni nikalia. Nani ataniona?

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo na kiburi changu, nikapangiwa kupima visima chini ya mjomba. Siku ya tatu tu nikaweka rula kwenye nukta za mwanzo, nikachora mstari wangu mzuri. Akanigonga vidole kwa penseli. Hapo ni bomba linapiga domo, mpwa wangu, mwamba bado hujausikia! Maana siku za mwanzo unapima gesi inayojaa bomba tu. Ukiweka rula hapo, kisima tajiri utakiita maskini.

Kazini walimwita Ngoja. Tulikaa kwenye kibanda cha bati kando ya kisima siku arobaini tukingoja presha, karata, chai ya rangi, redio inayokoroma. Nililalamika kila siku, mjinga mimi. Leo ningetoa chochote nirudishiwe hata siku moja yenye mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetoka kazini nikaenda kwa mjomba. Kumbukumbu zinamtoka. Shikamoo — marahaba, akaniita kwa jina la mama yangu, dada yake. Sikumsahihisha.

Nikamtandikia mezani grafu mpya ya namba saba. Macho yakawaka! Akaomba rula. Akaiweka kwenye nukta za mwanzo kabisa.

"Kimekufa hiki," akasema.

Mkewe alikuwa mlangoni na sinia, akageuza uso. Sijui nilipata wapi ujasiri — nikachukua penseli, nikamgonga vidole. Taratibu.

"Bomba linapiga domo, mjomba."

Halafu akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Nani kakufundisha wewe? Nikamwambia, wewe. "Kumbe nilikuwa na akili!"

Tukacheka wote watatu. Njiani kurudi sikucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nukta tatu mpya asubuhi hii. Zinaanza kupinda kwenda juu. Au ni macho yangu yanavyotaka? Sijui. Huenda kisima kimezeeka kweli, na mjomba jana kapatia kwa bahati tu. Hilo ndilo linaloniuma.

Saa nne. Fomu ipo mbele yangu. Imeandikwa Hali ya kisima, mbele yake mstari mtupu. Nilishaandika kwa penseli, bosi kairudisha: penseli haikubaliki, weka kalamu, mama, lori la saruji limeshapakiwa.

Nimeandika M. Mkono umegoma hapo. Mvivu na mfu, yote yanaanza na M.

Bosi kasimama mlangoni, anatazama saa. Anadhani najaza fomu, kumbe naandika humu. Kauliza kama nimemaliza.

Nimemwambia ngoja. Sauti imenitoka ya mjomba kabisa.

Kavuta kiti, kaketi, anangoja.