Noti za Kwenye Paji la Uso

Jumanne

Sasa kwenye fomu ya posho, mwajiri ningemtaja nani? Jumamosi niliimba harusini Ilford, hapa London, na akina mama wakanitunza kama kawaida yetu: mtu anacheza hadi mbele yangu, ananibandika noti kwenye paji la uso.

Napokea posho ya wasio na kazi, na kuficha kipato ni balaa. Leo nikaenda ofisi ya posho kusema ukweli.

"Nani alikulipa?" akauliza dada wa mezani.

"Mashangazi wa bibi harusi."

"Wangapi?"

"Dada yangu, nilikuwa nimefumba macho, naimba!"

Akacheka hadi machozi, kisha akaandika kwamba nimejiajiri, kazi: mwimbaji.

Posho itakatwa kidogo, inaniuma. Lakini mama, anayesema kila siku kuimba si kazi, sasa akabishane na serikali ya Uingereza.