Mkanda wa Jikoni

Jumanne, 8 Oktoba
Nimesafisha mkanda mmoja wa filamu leo. Dawa ya kusafishia nimejichanganyia: kahawa, magadi, vitamini C ya duka la dawa. Chumba cha giza, yaani bafu la zamani la nyumba hii ya Moshono, kinanuka kama soksi. Umetoka vizuri: mikono ya Mama ikichambua kahawa. Halafu nimeosha ule niliofukia wiki tatu shambani kwake Akeri ili udongo uule. Umekula uso wote. Imebaki kanga na sikio. Nimefurahi mno. Ndivyo kichwa cha Mama kilivyo siku hizi.

Mkanda wa jikoni haupo kwenye boksi lake. Elisante, mwenzangu wa kazi, atakuwa ameuchukua auhamishie kwenye kompyuta. Nitamuuliza.

Alhamisi, 10 Oktoba
Elisante hapokei simu. Si kawaida yake. Miaka sita tunafanya kazi pamoja, kamera moja. Ufunguo wa nyumba hii anao.

Mkanda ule unanikosesha raha. Mwezi wa sita nilikuwa nampiga picha Mama akipika. Akauliza kaka yangu Godi atarudi saa ngapi. Godi alifariki miaka minne iliyopita. Nikamwambia. Akalia kama anayesikia kwa mara ya kwanza. Sikuizima kamera. Ilizunguka mpaka mkanda ukaisha.

Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilimwambia Elisante huu haonyeshwi mtu. Akasema, "Nimekuelewa, dada." Basi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimerudi kutoka mjini sasa hivi.

Flora, niliyesoma naye, alinitumia ujumbe saa nane: hongereni, filamu ya mwenzako imetutoa machozi sote. Filamu gani? Nikaenda kwenye ukumbi wa maonyesho mjini.

Mama yangu yuko ukutani, mkubwa kama nyumba, analia. Pembeni kibao: *Bibi Yangu*. Filamu ya Elisante. Jina moja tu.

Watu wameshika glasi za juisi. Mzee mmoja anafuta macho. Elisante mbele na kipaza sauti, anaeleza jinsi bibi yake wa Akeri alivyomlea na sasa anamsahau. Bibi yake! Bibi zake wote wawili walikufa kabla hajazaliwa. Alinisimulia mwenyewe.

Nilitaka kupiga kelele. Nikasimama mlangoni mpaka akaniona. Aliniona vizuri. Akaendelea kuongea.

Jumapili, 13 Oktoba
Amekuja baada ya ibada, na shati la kanisani. Sikumpa kiti.

"Dada Naomi, ungeufungia kabatini mpaka lini?"

"Yule ni mama yangu."

"Mwenyewe ameridhia." Akatoa karatasi mfukoni. Saini ya Mama. Yake kabisa, ile N yenye mkia mrefu.

Nimempokonya ufunguo, nimemwambia atoke. Alipofika getini akageuka kusema watu wameipenda sana. Kama vile ananipa zawadi.

Namchukia. Na Mama pia nimemkasirikia, Mungu anisamehe.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimepanda Akeri asubuhi. Mama alikuwa kibarazani na jirani yake, Mama Anaeli, wanamenya ndizi. Nimewaamkia, nimekaa, nimeuliza kuhusu karatasi.

Mama akachangamka. "Godi alikuja. Kaniletea mkate na sukari. Kaniomba saini, nikampa. Mtoto akikuomba utamnyima?"

Mama Anaeli aliinamisha kichwa. Aliponisindikiza njiani ndipo akasema. Alikuwa Elisante. Mama alimwita Godi tangu anaingia getini. Naye akaitika. "Naam, Mama." Alikaa mchana mzima akiitwa Godi, akala, akasainisha, akaondoka. Mama Anaeli alidhani ni huruma, anampa bibi raha kidogo.

Kuiba mkanda, sawa, tungegombana na labda siku moja tungepatana. Hili la kuitika, hapana. Kalivaa jina la marehemu kaka yangu ili mama yangu ashike kalamu.

Nimelia kichakani kama mtoto mdogo.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimempigia simu mwenye ukumbi, nimemweleza yote. Saa sita filamu ikaondolewa. Saa tisa mkanda umeletwa na Flora kutoka ukumbini kwenye mfuko wa plastiki. Elisante ameandika ujumbe mrefu. Nimeusoma mstari wa kwanza, nimeufuta.

Nilidhani nitafurahi.

Badala yake nimekaa na mkanda mapajani. Nimetafuta kwenye mafaili yangu karatasi niliyowahi kumpa Mama asaini. Haipo. Kumuuliza kwa mdomo je? Miaka miwili nampiga picha. Sikumbuki hata siku moja.

Jumamosi, 19 Oktoba
Nimempelekea projekta. Alikuwa na asubuhi nzuri. Aliniita kwa jina. Nimefunga mapazia ya sebuleni, nimetundika shuka, nimemwonyesha mkanda wote.

Hakulia. Alitazama mpaka shuka likabaki jeupe.

"Anayelia ni mimi?"

"Ni wewe, Mama."

"Peke yangu?"

"Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya kamera."

Akanigeukia. "Kumbe ulikuwepo," akasema. "Ulikuwepo, na hukunishika."

Nikamuuliza kama anakubali watu wauone. Nilikuwa na karatasi kwenye mkoba, nimeiandika vizuri.

"Hapana," akasema kwa upole. "Hiyo hapana."

Nimezima projekta. Nimefungua mapazia. Wingu lilikuwa limeshashuka kutoka mlimani, na Mama akasema mvua inakuja, kahawa bado iko nje kwenye vichanja. Tumetoka kuianua. Yeye ameshika upande mmoja wa turubai, mimi mwingine.