Kuanzia Ukurasa wa Kumi

Kumbukumbu ya Mwanamize binti Hamdun, Al-Mahjar, Jeddah

Mwaka umetimia tangu utuondokee, dada yangu, na mimi Salme, mdogo wako, bado sijapata pa kukaa nikatulia. Nimekwenda Riyadh mara nne mwaka huu. Sababu yake wewe unaijua. Wanaosoma hapa hawaijui, basi wacha niwaeleze mbele yako.

Miaka ishirini na mbili ulikuwa msaidizi katika skuli ya watoto wadogo, na ulipostaafu hukustaafu. Mjukuu wako Rania, miaka minane, herufi zilikuwa zikimchezea shere. Mwalimu wake kule Riyadh akasema ni mvivu. Ulikasirika mpaka ukaosha vyombo ambavyo ni safi, kisha ukamtaka mwanao Sultan akuwekee kwenye kompyuta ile programu ya kusomea: maneno yanatokea makubwa, na neno linaposomwa linawaka manjano, mtoto analifuata kwa jicho. Sauti ya mashine Rania hakuipenda. "Bibi, huyu hanijui," alikwambia kwenye simu. Ndipo ukaanza kurekodi sauti yako.

Ulivaa visikilizio juu ya ushungi, ukasoma hadithi uliyoitunga mwenyewe, ya paka wa Balad, mji wa kale wa Jeddah, aliyesahau mlango wa kwao, kurasa kumi na sita. Kila mwisho wa mstari ulinyamaza, ukasema, "Haya mama, rudia," ukamngoja mtoto aliye mji mwingine kama yuko mbele yako. Kwenye ukurasa wa sita unasikika ukinipigia kelele: "Salme, funga mfereji!" Nilikuwa naosha sahani. Nilikuomba uifute, ukasema acha, mtoto ajue nyumbani kuna watu.

Sasa kosa langu.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wamejaa wanasoma Yasin, mtoto mmoja akaigusa kompyuta. Sauti yako ikatoka: "Haya mama, rudia." Nyumba nzima ikaangua kilio. Mimi na haraka zangu nikaona marehemu anasumbuliwa. Nikafuta kila ulichorekodi, halas, kwisha, wala sikumuuliza mtu. Nilidhani nakustiri.

Sultan alipofika kutoka kazini kwake, kwenye maghala ya Al-Sulay kule Riyadh, na kujua nilichofanya, aliifunga kompyuta taratibu. Heri angenigombeza. "Mama mdogo," alisema, "yule ndiye mwalimu wa mwanangu uliyemfuta."

Kilichosalia ni kurasa tisa ulizokwisha kumtumia Rania kwenye kishikwambi chake. Maandishi yote yapo, kuanzia ukurasa wa kumi sauti haipo. Mtoto akawa anasoma hizo tisa, akifika wa kumi anafunga. Kila siku hivyo hivyo. Skuli wakasema wazi kwamba asiposoma hapandi darasa.

Nikaenda Riyadh nikarekodi zilizobaki. Rania alisikiliza mistari miwili, akavua visikilizio.

"Bibi Salme, wewe unakimbia. Bibi alikuwa akiningoja."

Nikarekodi upya, nikakimbia tena. Nikanuna, nikarudi Jeddah. Nikaenda mara ya pili na ya tatu, nikanuna tena. Unanijua. Tangu tukiwa wadogo ulinambia haraka haraka haina baraka, nami nilikuwa nimeshafika mlangoni kabla hujamaliza kusema. Nimejilaumu mwaka mzima, dada, na lawama nazo sikuzifanya taratibu.

Mara ya nne, mwezi uliopita, sikurekodi kitu. Nilikaa chini pembeni yake, mikono yangu nimeikalia. Akafungua ukurasa wa kumi. Neno la kwanza lilimchukua muda mpaka kahawa yangu ikapoa. Niliuma ulimi. La pili akalikosea, akalirudia mwenyewe. Mstari ulipokwisha aliniangalia, nikajua anangoja nini.

"Haya mama, rudia," nikasema.

Akarudia. Kisha akanisogezea kishikwambi. "Bonyeza ya kurekodi. Hadithi bado haijesha."

Ilituchukua siku tano. Mtihani wake ni wiki ijayo na mimi silali, nampigia Sultan asubuhi na jioni mpaka hashiki simu. Lakini ujue hili. Sauti yako inaishia ukurasa wa tisa. Kuanzia wa kumi anasoma Rania, anakosea, anarudi, na kila mwisho wa mstari ananyamaza kumngoja mtu. Paka amefika kwao.

Unakumbukwa na mwanao Sultan na mkewe, na majirani wa Al-Mahjar waliokuwa wakikuletea watoto wao. Unakumbukwa na mimi mdogo wako. Na Rania, ambaye nimemsomesha kumbukumbu hii kabla haijatoka, akasema mistari ni mirefu lakini amefika mwisho.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Tutakukumbuka siku zote, dada, na safari hii bila ya haraka.