Kiti Kimevunjika, Kanuni Inafuata

Nyumba ya Kona,
Ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kwa majonzi yasiyo na kifani nakutangazia kifo cha kiti cha bluu cha jikoni, kilichofariki Alhamisi kikiwa kazini, baada ya kunivumilia miaka mingi bila kudai likizo. Marehemu ameacha meza moja na viti vitatu. Wifi yako amekataa kukaa matanga. Anasema muuaji anajulikana, na ndiye anayekuandikia.

Baada ya tanzia, salamu. Goti linasemaje kwenye baridi hiyo? Shemeji kifua kimepoa? Wapwa zangu bado wanaongea nawe, au siku hizi wanakujibu kwa mabega? Sisi tu wazima. Tumbo langu ndilo zima kuliko viungo vyote.

Najua umeshasikia habari nyingine. Shemeji alinipigia akiwa na sauti ya hakimu, akitaka kujua kama ni kweli nimemtukana mkuu wa chuo na kurusha kiti. Nilimwambia maelezo nitampa dada yangu, yeye atasomewa.

Unakumbuka kiwanda cha uchapaji kilipofungwa nilirudi shule, nikasoma ustawi wa jamii darasa moja na watoto wanaoniita Babu. Sasa niko kwenye mafunzo ya kazi, katika shirika linalotetea wanafunzi. Ofisi haina mlango wala kiti cha mgeni. Kila mmoja yuko kwake, tunakutana kwenye kompyuta. Siku ya kwanza niliwaonyesha wenzangu paji la uso tu, kikao kizima, wakadhani ni ukuta. Kazi yangu ni kusoma kanuni za vyuo, kuzilinganisha, na kumsaidia mwanafunzi anayeonewa ajiandae kujitetea. Msimamizi wangu ni binti wa rika la mwanangu. Mimi namwita Bosi, yeye ananiita Baba, halafu ananirudishia kazi ikiwa na masahihisho mekundu kama surua.

Bosi ana sharti moja: mwanafunzi ndiye anayesema. Sisi tunamwandaa, kikao kikianza tunazima maiki. Hebu fikiria, Dada. Mtu uliyempa mwenyewe jina la Redio, leo anaambiwa azime!

Tuliyekuwa tukimwandaa tunamwita Mama Pacha. Yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Chuo chao kina kanuni kwamba mtoto havuki geti. Kwa hiyo mdogo wake huwaleta pacha hadi kibanda cha mlinzi, naye hutoka mbio kati ya vipindi kwenda kuwanyonyesha, mmoja huku, mwingine huku, mlinzi kageukia ukuta kwa adabu. Mlezi wa wanafunzi alipogundua, akamwamuru ahame bweni na aahirishe mwaka. Chuo cha uuguzi hicho! Asubuhi wanamfundisha faida za maziwa ya mama, mchana wanamfungia geti.

Nikapekua kanuni za vyuo vingine. Kipo kilichopaka rangi stoo ya mafagio kikaifanya chumba cha kunyonyeshea. Mafagio yalihama, dunia haikuisha.

Sasa chuo kimeliandikia shirika kwamba nilivuruga kikao makusudi. Shemeji anasema alisoma na huyo mkuu, basi niombe radhi yaishe, mwenye nguvu mpishe. Mwambie hivi, kwa heshima zote anazostahili: nimepisha tangu nizaliwe, hadi nimefika mtaroni. Sipishi tena. Radhi siombi. Wakitaka kunikatizia mafunzo, wanikatizie. Kanuni zao nitazisoma bila cheti, tena kwa sauti.

Lakini wewe nitakupa ukweli wenyewe.

Kikao cha Alhamisi kilikuwa cha kamati ya nidhamu, kwenye kompyuta, mkuu wa chuo akiwa mwenyekiti. Mama Pacha alikuwa bwenini, kompyuta kaiweka juu ya sanduku. Alianza vizuri, kisha Mlezi akamkatiza kwa upole ule wa mtu anayefunga mlango taratibu. "Nenda nyumbani, binti yangu. Shule ipo, haikimbii. Watoto wakikua utarudi." Mama Pacha akaanza kulia.

Dada, maneno hayo nayajua. Uliporudi kutoka chuo cha ualimu na sanduku la bati, tumbo umelifunika kwa koti, Mama alisema ndivyo walivyokuambia: shule haikimbii. Ilikimbia. Hukuwahi kuifikia, na wewe ndiwe uliyetufundisha wote kusoma.

Nilisimama. Maiki nikaifungua, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni hayakuwa ya ustawi wa jamii. Bosi akaniandikia upesi kwenye kioo cha kompyuta: "Baba, kaa. Ni zamu yake." Nikakaa, kwa hasira, kama gunia la saruji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulikuwa mimi sakafuni, na miguu ya kiti ikienda njia nne.

Kamati nzima iliangua kicheko. Nikiwa chini nikamsikia Mama Pacha, sauti imekauka kabisa: "Mzee wangu kaanguka. Mimi bado nimesimama. Naomba niendelee." Kicheko kikakatika. "Mwalimu, kesho niko wodini. Mzazi akiniuliza amnyonyeshee mwanawe wapi, nimjibu nini?"

Mkuu akaomba kamati ikajadiliane faragha.

Wamemwachia kitanda chake hadi amalize mtihani. Geti bado limefungwa, na pacha bado wananyonya kibandani. Hatujashinda. Mimi sikusema hata neno moja, sikurusha kiti wala sikumtukana mtu, ingawa matusi nilikuwa nayo, mazuri, ya kurithi. Nilianguka tu. Kesho nitakalia ndoo, niendelee na kanuni ya geti hadi ing'oke.

Mungu akuondolee maumivu ya goti na akuzidishie joto ndani ya nyumba. Wifi yako anakusalimu na anaomba uniombee akili. Nisalimie Shemeji, salamu tupu, zisizo na radhi ndani yake. Wapwa wadogo wabane mashavu. Na yule mzaliwa wako wa kwanza, mwambie mjomba wake amezisoma kanuni zote, na hakuna hata moja aliyoivunja kwa kuzaliwa.

Akupendaye kwa kelele na kwa kimya,
Mdogo wako,
Redio